Barabara ya Mombo hadi Lushoto inalindwa shambani

(Maneno niliyowaambia wakulima, madereva na wanafunzi waliokusanyika Soni, Milima ya Usambara, kabla ya masika. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na kuongeza kidogo pale nilipokatizwa na mvua.)

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, mashehe, wachungaji na mapadri wetu, wazee wangu wa mabenchi ya mbele, akina mama mliokuja moja kwa moja kutoka shamba, vijana wa bodaboda, na ninyi wanafunzi mliosimama kule ukutani. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu hamjambo.

Nimeitumikia barabara hii miaka 31. Nilianza nikiwa kibarua wa kufyeka, nikamaliza nikiwa nyapara wa kikosi. Uhandisi sikuusomea. Nilichojifunza ni maji: yanatoka wapi, yanapita wapi, na yakizuiwa yanafanya nini. Najua wengi mlitegemea nizungumzie lami, mashimo na wakandarasi, na nitayagusa hayo. Lakini nimekuja na jambo moja, nalisema mapema ili hata atakayewahi kuondoka aondoke nalo: barabara ya Mombo hadi Lushoto inaharibikia shambani, na huko huko shambani ndiko tutakakoiokoa.

Tuianzie chini. Pale Mombo, unapoiacha barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, uko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari. Joto, mabasi yamesimama watu wale, wachuuzi wameinua mabeseni ya matunda hadi madirishani. Ukifika Lushoto mjini uko kwenye mita 1,400 hivi na umeshavaa sweta. Kati ya hapo na hapo kuna kilomita 33 tu, zikizidi au zikipungua ni kidogo. Ni barabara fupi. Aliyezoea safari za nyika atashangaa kwamba kwa kilomita 33 watu wanaitisha mkutano.

Ila hiyo mita elfu moja ya kupanda haikugawanywa sawasawa. Sehemu kubwa iko nusu ya kwanza, kutoka Mombo hadi hapa Soni. Barabara inaingia kwenye korongo na kujisokota nalo: upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde, na mto chini kabisa unausikia kabla hujauona. Kona inafuata kona. Halafu unatokea hapa kwetu, maporomoko yanamwaga maji pembeni mwa barabara, na njia ya Bumbuli inachepuka. Kutoka Soni kwenda Lushoto bonde linapanuka, bustani za mboga zinakuja hadi ukingoni mwa lami, na gari linapumua. Na Lushoto kwenyewe si mwisho. Kuna Irente, kuna Magamba, kuna Shume, Mlalo na Mtae. Njia nyingine za kushukia zipo, lakini kubwa ni hii. Kabichi iliyolimwa mbali kabisa na Soni, na mgonjwa ambaye hajawahi kulala Soni, wote wanapita mlangoni mwetu.

Kabla ya magari palikuwa na miguu. Wazee wetu waliigawa nchi sehemu mbili: Shambaai, huku juu kwenye ubaridi, migomba na mvua, na nyika, kule chini kwenye joto na ukame. Watu walishuka na tumbaku wakapanda na mifugo. Vugha, mji wa Simba Mwene, yaani mfalme wa Washambaa, uko hapa jirani. Mmisionari Krapf alipofika mwaka 1848 kuonana na mfalme Kimweri ye Nyumbai, hii ndiyo nchi aliyoikuta. Kimweri alifariki mwaka 1862. Baada yake mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, kule nyikani, njiani pa misafara, akapata bunduki na biashara, na Vugha ikaanza kunyong'onyea. Wanafunzi, hili mlishike: tangu wakati ule, mlima huu umeishi kwa kutegemea mahali unapokutana na nyika. Ukikata kiungo hicho, huku juu tunabaki na chakula kinachooza na wagonjwa wasio na pa kwenda.

Wajerumani walilijua hilo upesi. Reli yao waliyoanza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905. Lushoto waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakaifanya makao ya utawala kwa sababu ya hewa yake. Stesheni iko chini, makao yako juu. Barabara ilikuwa haina budi kuwepo. Kule Shume walitumia mbinu nyingine, wakashusha mbao kwa waya hadi Mkumbara kwenye reli. Waya ule haukudumu. Barabara imedumu, na waliouchonga mwamba kwa sururu ni babu zetu. Majina yao sijayaona popote, na nimetafuta.

Sasa niwaonyeshe kinachopita juu yake. Juzi nilikaa na dada mmoja hapo mlimani akipanga plamsi kwenye tenga. Anatandika majani makavu ya mgomba chini na pembeni. Anachukua tunda moja moja, analibonyeza kwa kidole gumba taratibu, lenye ugumu kidogo linaingia, lililoiva kabisa linawekwa kando kwa ajili ya watoto. Safu juu ya safu, bila kurusha. Likijaa anafunika kwa majani mabichi, anashona mdomo wa tenga kwa kamba ya katani, na kila mshono anauvuta hadi mfinyanzo unaonekana kidoleni. Nikamuuliza, dada, hili lina siku ngapi? Akanijibu, kaka, kesho kutwa likiwa bado njiani halina bei. Ndivyo ilivyo. Likifika Dar es Salaam limechelewa siku moja, dalali anafungua tenga, ananusa, anasema matunda yamelala. Hapo bei inakatwa nusu, na nauli ya Fuso ni ile ile.

Huyo dada hana lori. Hana hata baiskeli. Lakini mali yake yote ya msimu ule ilikuwa inategemea mtaro mmoja wa maji kule bondeni usizibe usiku ule. Na si matunda peke yake: karoti, njegere, nyanya, viazi. Vitabu vya kanisa vilivyochapishwa Vuga Press hapa Soni vilishuka kwa njia hii. Mama akishindikana hospitali za huku juu, anashushwa kwa njia hii kwenda Bombo, Tanga.

Mtaro huo ndio nataka tuuangalie.

Mnalijua kalavati, tundu la kupitisha maji chini ya barabara, lililo chini ya ile kona ambapo madereva hupiga honi mara mbili. Wiki iliyopita nilipiga magoti nikachungulia ndani. Mdomo wake ulijengwa apite mtu aliyeinama. Nilichokiona ni mwanga wa upande wa pili, mdogo kama kisahani cha chai. Nikaingiza mkono. Nilitoa chupa tatu za plastiki, mfuko wa saruji uliooza, majani ya kabichi, fundo la kamba ya katani, na vyote hivyo vilikuwa vimezikwa kwenye udongo mwekundu laini, ule ule wa mashamba yetu. Nimeusugua viganjani. Hauna kokoto hata moja. Ni udongo wa juu, ule unaoota maharage. Mvua ilikuwa imeuchukua shambani, ikauleta kwenye mtaro, na mtaro ukaupeleka kalavatini ukalala.

Sasa sikilizeni kinachofuata, kwa sababu nimekiona zaidi ya mara nilizoweza kuhesabu. Kalavati likiziba, maji hayarudi nyuma. Maji hufuata mkondo, na mkondo ulio wazi ni lami yenyewe. Yanavuka juu ya barabara na kudondokea upande wa bonde. Pale yanapodondokea yanakula bega la barabara, kila mvua sentimita chache. Kisha yanaanza kula chini ya lami. Ukipita na gari huoni kitu, lami inang'aa, mstari mweupe upo. Lakini chini yake pana uwazi, na lami imebaki kama ukoko wa wali uliotolewa wali. Siku likipita Fuso lenye tani zake, ukoko unavunjika. Watu wanasema barabara imekatika ghafla. Haikukatika ghafla. Ilikuwa inakatika tangu mwaka juzi, na tulikuwa tunapita juu yake tunasalimiana.

Niliwahi kuona, sitasema lini wala nani, lami mpya ikimwagwa juu ya bega ambalo tayari lilikuwa limeliwa, na mitaro haijaguswa. Nilisema. Niliambiwa kazi iliyoagizwa ni ya lami, ya mitaro haimo. Masika mawili yalitosha. Lami ile ilikuwa inaning'inia hewani, unaweza kupitisha mkono chini yake. Nililia siku ile, mtu mzima, kwa sababu ile ilikuwa fedha ya wananchi na njia ya wagonjwa. Kwa hiyo msinielewe kwamba nawatetea wajenzi. Mtaro na kalavati ni kazi ya kwanza ya barabara ya mlimani, lami ni ya pili, na anayeigeuza hiyo anaiba hata kama hakutia kitu mfukoni.

Lakini udongo ule laini kwenye viganja vyangu haukuletwa na mkandarasi.

Niwasimulie usiku mmoja. Yalikuwa masika makubwa. Saa saba usiku nikaamshwa: mlima umeshuka, kati ya hapa na Mombo. Nikachukua kikosi na tochi. Tulikuta tope na mawe yamefunika barabara urefu wa nyumba nne au tano, na bado udongo ulikuwa unatiririka kidogo kidogo kwa sauti kama ya mchele unaomwagwa kwenye gunia. Upande wa juu limesimama gari, ndani yuko mama anayepelekwa Tanga kufanyiwa upasuaji wa uzazi. Jembe halisaidii hapo, na greda lingefika asubuhi. Tukafunga machela kwa miti miwili na shuka, tukambeba watu sita. Kila hatua mguu unazama hadi gotini, unauvuta, unatafuta pa kukanyaga tena. Mumewe alitembea pembeni amemshika mkono hajasema neno lolote. Upande wa pili tulikuta gari lililopanda kutoka Mombo, likampokea. Mama alipona, mtoto alipona. Mtoto huyo sasa ni mrefu kuliko mimi.

Kulipokucha nilipanda mlima kuona palipoanzia. Nilifuata kovu la udongo kwenda juu, juu zaidi, zaidi ya mita 200 kutoka barabarani. Nikafika kwenye shamba jipya. Miti ilikuwa imekatwa mwaka uliotangulia. Matuta yalikuwa yamepigwa kushuka na mteremko, wima, kila tuta likiwa mfereji. Chini ya shamba palikuwa na njia ya miguu iliyokusanya maji yote ya ile mifereji na kuyaelekeza sehemu moja, kwenye ufa wa ardhi uliokuwa juu ya mwamba. Udongo mwekundu ukilala juu ya mwamba mkali, ukinywa maji unakuwa mzito na unapoteza mshiko. Usiku ule uliachia.

Shamba lile lilikuwa la ukoo wetu. Mwaka ule alikuwa analilima kaka yangu, na mimi, nyapara wa barabara, ndiye niliyemsaidia kupiga yale matuta. Nilipita barabarani chini ya shamba lile kila siku ya kazi na sikuwahi kuinua macho.

Ndiyo maana nasimama hapa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Ndani ya hizo, serikali kupitia TANROADS, wakala wake wa barabara, inawajibika, na tuna haki ya kuwauliza, na tuwaulize kwa maandishi. Lakini kwenye korongo letu mita 30 mara nyingi ni ukuta wa mwamba ambao hata mbuzi haendi. Maji yanayobomoa yanatoka mita 200, mita 300 juu yake, na huko mwenye jembe ni mimi na wewe.

Naona wazee wanatingisha vichwa, na najua wanafikiria nini. Wengine mliona, wengine mlisimuliwa na wazazi wenu: miaka ya 1950 Waingereza walitaka kila kaya huku Shambaai ipige matuta ya kuzuia udongo, kwa amri na adhabu. Watu walikataa, na mpango ukafa. Mimi siwalaumu waliokataa. Kazi iliwaelemea akina mama, ilichukua nafasi ya migomba, na amri ilitoka kwa watu ambao hawakulala njaa shamba lilipokosa mazao. Sitaki mtu yeyote atoke hapa akatunge sheria ndogo ya kumtoza bibi yangu faini.

Kumbukeni pia kilichoshika. Kuanzia mwaka 1981 ulikuja mradi wa kuhifadhi udongo tuliouita SECAP, kwa msaada wa Wajerumani. Wao walileta mstari wa majani ya Guatemala uliopandwa kukinga mteremko, na katikati ya mistari unalima kama kawaida. Kwa nini majani yale bado yapo kwenye mashamba mengi leo, na matuta ya amri hayapo? Kwa sababu ya ng'ombe. Majani unayakata unampa ng'ombe wa bandani, ng'ombe anatoa maziwa na samadi, samadi inarudi shambani. Mama anaona faida wiki ile ile. Udongo kubaki mlimani ni jambo linalotokea hapo hapo bila mtu kutumwa.

Kaka yangu na mimi tulipanda mistari minne kwenye lile shamba, tukaihamisha ile njia ya miguu, tukapanda migrevilea juu ya ufa. Tangu hapo halijashusha jiwe barabarani.

Na kupima si kazi ya mtaalamu. Wanafunzi, sogeeni mwone hiki nilichokuja nacho. Ni miti mitatu imefungwa kama herufi A. Juu nimefunga uzi, mwishoni mwa uzi kuna jiwe. Kwenye mti wa katikati nimetia alama. Unasimamisha miguu miwili ardhini. Uzi ukipita kwenye alama, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unachomeka kijiti, unazungusha mguu mmoja, unatafuta tena usawa, unachomeka kijiti kingine. Ukifika mwisho wa shamba, geuka uangalie vijiti vyako: vinaonyesha mstari ulio usawa mmoja, ambao maji hayawezi kukimbia kuufuata. Panda majani hapo. Fremu hii haikunigharimu hata shilingi. Naiacha shuleni.

Madereva, nanyi sitawachelewesha, maana najua mnasikia abiria wanaita. Mzigo wa kabichi ulioloana si mzigo mliopima ukiwa mkavu. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Ukisikia harufu ya breki kabla ya kona za chini, simama, hata kama konda anapiga bodi. Na ninyi wadogo zangu wa bodaboda, kuzima injini ili kuokoa petroli mkiwa mnateremka na abiria, nawaomba kwa jina la mama zenu, acheni. Nimeokota viatu vya vijana kwenye bonde lile. Viatu tu.

Basi. Jumamosi hii saa moja asubuhi nitakuwa kwenye lile kalavati. Nimeshazungumza na ofisi inayohusika na wamesema tuweke alama za kuwatahadharisha madereva pande zote mbili, na watamtuma mtu wao. Vijana wawili wa bodaboda wamekubali kusimama na bendera. Nahitaji watu kumi wenye chepe, watatu wenye karai, na mmoja mwembamba asiyeogopa giza atakayeingia ndani. Yule dada wa plamsi amesema ataleta uji. Tukimaliza kuzibua tutapanda mlimani na hii fremu, hadi shamba lililo juu ya ile kona. Mwenye shamba yuko hapa, ameketi mstari wa tatu, na ameniruhusu niseme kwamba anatukaribisha.